Protea ya Buha katika uwanja wa Tabora: kwa nini imekauka, na namna ya kuipata upya

Mwalimu mstaafu wa Ipuli, Tabora mjini, ameniuliza kuhusu vichaka viwili alivyotoka navyo Buhigwe, mkoani Kigoma. Alikwenda huko mwezi wa sita kuwasalimia shemeji zake, akaona kwenye mteremko wa nyasi maua meupe makubwa yenye mng'ao wa fedha, mazuri kuliko chochote alichowahi kupanda nyumbani. Alichimba vichaka viwili vyenye kimo cha kiunoni, akavifunga kwenye gunia lililoloweshwa na kurudi navyo kwa treni. Mashimo aliyajaza samadi ya ng'ombe, akaongeza kiganja cha mbolea ya DAP kila shimo, akazungushia majivu kuzuia mchwa, kisha akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu kichaka kimoja kilikauka chote, majani yakiwa bado yameshikilia matawini. Cha pili kingali hai, lakini majani yake mapya ni ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Anataka kujua kimekosa nini, ni mbolea au dawa gani itakayokiokoa, na kama mmea huu ni adimu kiasi kwamba hakupaswa kuuchimba.

Shikamoo Mwalimu. Nimeziangalia picha zako moja moja. Hicho ni protea, na kwa majani yake yasiyo na manyoya na ua moja moja kwenye ncha ya tawi, ninaamini ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Protea gaguedi. Iko ndugu yake anayefanana naye sana, Protea welwitschii, ambaye naye yupo Tanzania. Huyo kwa kawaida hubeba vichwa viwili, vitatu hadi vinne vya maua pamoja kwenye ncha moja, na majani yake machanga yana manyoya laini. Ukirudi Buhigwe angalia hilo kwanza, ingawa matunzo ya wote wawili ni yale yale.

Nianze na swali lako la katikati, maana ndilo lenye haraka. Kichaka chako hakikukosa kitu. Kimepewa vitu ambavyo mizizi yake haiwezi kuvibeba, na hakuna mbolea wala dawa ya dukani itakayokiokoa. Kila ulichokifanya ni sahihi kwa mpapai, kwa mwembe, kwa mchicha na kwa waridi. Kwa protea ni kinyume, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ukishaielewa hutahitaji kukariri masharti.

Protea ni wa ukoo wa mimea iliyozoea udongo maskini kupita kiasi. Katika ukoo huo yumo mgrivea ambao umejaa kwenye mipaka ya mashamba yetu, uliotoka Australia, na yumo mmakadamia. Kwenye miombo yetu yupo pia Faurea, mti ambao wengi huupita bila kuutazama. Udongo wa miombo una fosforasi kidogo sana, na hata hiyo kidogo imeshikwa na madini ya chuma na alumini, mizizi ya kawaida haiwezi kuinyofoa. Miti mikubwa ya miombo, kama mitundu na miyombo yenyewe, imelimaliza tatizo hilo kwa kushirikiana na kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake, na ndiyo sababu mvua za kwanza zikinyesha mama zetu huenda msituni kuokota uyoga chini ya miti hiyo. Protea haikushika njia hiyo. Yenyewe huotesha vishada vya vijizizi vifupi vifupi, vimesongamana kama brashi ya kusugulia chupa, karibu kabisa na uso wa ardhi chini ya majani makavu. Vishada hivyo hutoa asidi inayoilegeza fosforasi kutoka kwenye madini, kisha huifyonza haraka kabla haijashikwa tena. Mwaka 1960 mtafiti wa Australia, Helen Purnell, alivichunguza kwa makini na kuviita mizizi ya kiprotea, jina ambalo limebaki mpaka leo.

Sasa mmea uliojijenga kukamua fosforasi mahali isipopatikana hauna breki. Ukiuwekea nyingi, unaendelea kufyonza mpaka majani yanapata sumu. Na DAP, Mwalimu, ni mbolea ya fosforasi hasa: kwenye mfuko imeandikwa 18-46-0, na hiyo 46 ndiyo fosforasi, kwa kipimo cha viwanda. Hata NPK 10-18-24 tunayoijua huku Tabora kwa sababu ya tumbaku ingekuwa nyingi mno. Samadi nayo inayo, tena inaitoa polepole kwa muda mrefu.

Ile njano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni dalili ya mmea kukosa madini ya chuma. Chuma kimo tele kwenye udongo wa Tabora, lakini fosforasi ikizidi hukifunga, na majivu yakipunguza uchachu wa udongo hukifunga zaidi. Wewe umeweka vyote viwili kwa pamoja. Majivu yana sifa nzuri kwa mchwa, lakini kazi yake udongoni ni sawa na ya chokaa, na protea hutaka udongo wenye uchachu, yaani kipimo cha pH kati ya 5 na 6 hivi. Kwa hiyo dalili unayoiona na vitu ulivyoweka vinakubaliana kabisa.

Kile cha kwanza kilichokauka ghafla nadhani kilikuwa na tatizo jingine juu ya hilo, nalo ni kung'olewa. Protea za miteremko ya nyasi huishi mahali ambapo moto hupita karibu kila kiangazi. Zimesalia kwa sababu zina shina gumu lenye gome nene, na chini ya ardhi zina mzizi mnene uliotambaa kuliko unavyoweza kukisia kwa kuangalia juu. Ukichimba kichaka cha kimo cha kiunoni, unaondoka na matawi pamoja na kipande cha mzizi, na sehemu kubwa inabaki Buhigwe. Vile vishada vya juu juu huchanika vyote hata ukichimba kwa uangalifu wa namna gani, na mwezi wa sita udongo umeanza kukauka, mmea hautengenezi vingine mpaka mvua zirudi. Juu ya hapo ukamwagilia asubuhi na jioni kwenye shimo lenye samadi. Mizizi iliyojeruhiwa, ikikaa kwenye joto na majimaji, ndiyo inayopendwa na vimelea vya kuozesha, hasa kile kiitwacho Phytophthora, adui mkubwa wa wakulima wa protea duniani. Mmea ulioshambuliwa hivyo hunyauka wakati udongo umelowa. Mwenye mmea akiona unanyauka huongeza maji, na hapo mambo huzidi kuharibika.

Kwa hicho kilichobaki, fanya hivi. Usikihamishe tena, hata ukishauriwa na nani. Kwa mkono, bila jembe, ondoa taratibu udongo wa juu wenye majivu na samadi kuzunguka shina, kadiri unavyoweza bila kukata mzizi, uubebe uupeleke kwenye mboga zako. Mahali pake rudisha mchanga na udongo wa kichanga usiowahi kulimwa. Mimina maji mengi mara moja, yapenye na kushuka chini, kisha acha udongo ukauke juu kabla hujamwagilia tena. Kuanzia hapo mara moja kwa wiki, asubuhi, inatosha. Kiwekee kivuli chepesi cha makuti au neti upande wa magharibi, kwa kuwa jua la mchana la mwezi wa tisa na wa kumi hapa Tabora ni kali hata kwa mmea mzima. Ukipata madini ya chuma ya kupulizia majani, yale yanayouzwa kwa wakulima wa mbogamboga, pulizia kwa nusu ya kiwango kilichoandikwa, jioni. Yatayarudishia majani rangi kwa muda, lakini hayaondoi fosforasi iliyomo udongoni.

Na kile kilichokauka usikichome bado. Kwaruza gome karibu na ardhi kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, kata matawi yaliyokufa, ukiache mpaka mvua za Novemba na Desemba. Protea hizi zina uwezo wa kuchipua kutoka chini, na nisingependa ung'oe kitu ambacho bado kina uhai. Ukikuta kahawia tupu mpaka chini, hapo kimekwisha.

Kuhusu uadimu. Protea gaguedi haimo hatarini kwa jumla, kwa maana inapatikana kuanzia Uhabeshi mpaka Afrika Kusini, na hata jina lake la pili lilichukuliwa Uhabeshi, ambako msafiri wa Kiskoti James Bruce aliukuta mmea huu katika karne ya 18. Lakini haipatikani kila mahali. Humea kwa mafungu, kilima hiki kina vichaka vingi na kilima kinachofuata hakina hata kimoja. Mafungu hayo yakipata shamba jipya, tanuri la mkaa au watu wa kuja kuchimba, hakuna mengine ya karibu ya kuleta mbegu. Kwa mtu wa Tabora mjini, protea ni adimu kwelikweli. Sijaiona ikiuzwa kwenye vitalu vya hapa, na uwanja wa nyumba wenye protea inayochanua ni kitu cha kusimamisha wapita njia. Ndiyo maana naona wazo lako ni jema sana. Njia tu ndiyo ninayokuomba uibadilishe: usichimbe tena kichaka, chukua mbegu.

Kabla ya mbegu nikuombe jambo moja la kisheria. Kama mteremko ule umo ndani ya hifadhi ya msitu, iwe ya serikali kuu, ya halmashauri au ya kijiji, kuchukua mmea au mbegu kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya itakuelekeza, na kwenye msitu wa kijiji utaanza na serikali ya kijiji. Kama ni ardhi ya shemeji zako, ruhusa ni yao. Hata hapo, chukua vichwa vichache kutoka vichaka mbalimbali, uache vingi.

Sasa mbegu zenyewe. Unachokiita ua, Mwalimu, ni mkutano wa maua mengi madogo. Hayo meupe ya fedha yanayozunguka ni majani yaliyogeuka kuwa mfano wa petali. Maua halisi ni zile nyuzi za katikati. Safari ijayo chukua ua lililo karibu kufunguka uliangalie kwa karibu: kila uzi umeinama, ncha yake imenaswa ndani ya ala. Uguse taratibu kwa kijiti utaona unachomoka ghafla na kusimama, na ncha yake tayari imepakwa chavua ya njano, kabla hata haijawa tayari kupokea chavua ya ua jingine. Chini kabisa kuna asali nyepesi. Ndege chozi akiingiza mdomo kuinywa, paji lake la uso linapita kwenye ncha hizo na kuondoka na chavua. Mbawakawa hufanya kazi hiyo pia, wakijizika ndani ya ua mpaka usiwaone, na nyuki hawakosekani. Kwa mji wenye chuo cha ufugaji nyuki na sifa ya asali kama wetu, huo ni mgeni wa kukaribishwa.

Baada ya kuchanua, kichwa hufunga na kukaa miezi mingi kikikomaza mbegu. Kwa hiyo vichwa vya kuvuna si vile vyenye maua. Ni vile vya kahawia vilivyokauka, ambavyo ukivishika unasikia vinaanza kulegea katikati. Ukichelewa, upepo utazimwaga zote, kwa maana kila mbegu ina manyoya ya kurukia. Peleka kichwa kizima nyumbani kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, ukiache kivulini kikauke mpaka kifunguke chenyewe.

Hapa watu wengi hukata tamaa: kichwa kinatoa mbegu nyingi, lakini nyingi kati yake ni tupu. Hiyo ndiyo tabia ya protea, si dosari ya mmea wako. Bonyeza kila mbegu katikati ya kidole gumba na cha shahada. Tupu hukunjika, imesinyaa. Yenye kiini ni nono, ngumu, inakataa kubonyea. Vichwa vizima vinaweza kukupa mbegu nzuri za kuhesabika kwa vidole. Hizo zinatosha.

Ukisoma maelekezo ya Afrika Kusini, ambako protea hulimwa kibiashara, utaambiwa mambo yaliyoandikwa kwa protea za Rasi, yaani eneo la Cape huko kusini-magharibi mwa nchi hiyo, zinazopata mvua wakati wa baridi. Za kwetu hupata mvua wakati wa joto, Novemba mpaka Aprili, kisha hukaa kavu. Kwa hiyo majira yao usiyafuate. Mimi hushauri kupanda mbegu mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na usiku umeanza kuwa na ubaridi, kwa sababu tofauti ya joto la mchana na ubaridi wa usiku huisaidia mbegu kuamka. Jambo moja la kwao linafaa kuigwa, nalo ni moshi. Mwaka 1990 watafiti wa huko walionesha kwamba moshi peke yake, bila moto, unaweza kuamsha mbegu za mimea ya nyika inayoungua, na tangu hapo vitalu vingi huutumia. Nyumbani ni rahisi: weka trei yenye mbegu chini ya boksi kubwa, washa nyasi na majani makavu kwenye kopo pembeni, ongoza moshi uingie ndani ya boksi kwa muda wa saa moja hivi, ukihakikisha ni moshi wa baridi usioikausha trei. Kisha nyunyizia maji kidogo tu ili moshi ushuke na kugusa mbegu. Usipofanya hivyo nyingine zitaota bado.

Trei iwe na mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa vizuri, ukichanganya na udongo kidogo wa kichanga wa chini ya miombo. Samadi usiweke, mboji pia usiweke. Funika mbegu kwa mchanga wa unene wa mbegu yenyewe. Iwe na unyevu wa kila siku lakini isitote. Weka neti, panya na sisimizi wanazijua mbegu hizi kuliko sisi. Subira inahitajika: nyingine huchomoza baada ya wiki chache, nyingine miezi miwili au mitatu, kwa hiyo usimwage trei mapema. Mche ukishakuwa na majani mawili halisi uhamishie kwenye kiriba kirefu, mapema, mzizi wake ukiwa bado haujafika chini na kujikunja. Shika jani, usishike shina. Vipandikizi vya matawi pia vinaweza kuotesha mizizi, lakini vinataka homoni na ukungu wa maji wa mara kwa mara, na kwa nyumbani nisingekushauri uanze huko.

Desemba, mvua zikiwa zimeshika, mche wa kimo cha shubiri unatosha kwenda ardhini. Usisubiri uwe mkubwa.

Mahali pa kupanda ndipo penye uamuzi wote. Tabora ina bahati: mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, udongo wake mwingi ni wa kichanga uliotokana na mawe ya matale, una uchachu na hauna mbolea nyingi. Wakulima wanaulalamikia, protea inaufurahia. Mtu wa Kigoma mjini au Ujiji, karibu na ziwa ambalo liko kwenye mita 770 hivi tu, atapata shida zaidi ya joto. Wa Kasulu na Buhigwe wako nyumbani kwake. Lakini hata Ipuli si kila kona itafaa. Chimba shimo la kina cha viganja viwili, lijaze maji, yakishuka lijaze tena. Kama baada ya saa chache maji bado yamesimama, hapo si pake. Maeneo ya mbuga yenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi yaache kabisa, au uinue tuta la mchanga la kufika magotini. Epuka mahali palipokuwa zizi, palipokuwa shamba la tumbaku au mahindi yaliyotiwa mbolea, na palipokuwa jalala. Epuka ukuta uliopigwa lipu, kwa kuwa saruji na chokaa hushuka na maji ya mvua na kuubadili udongo wa pembeni. Na epuka udongo wa kichuguu. Najua kwa bustani ya mboga watu huubeba kwa mikokoteni na wanafanya vyema, maana una rutuba na kalisi nyingi, lakini kwa sababu hiyo hiyo haufai hapa.

Jua liwe la kutwa, na upepo upite. Protea iliyobanwa kwenye kona ya uzio hupata madoa ya ukungu kwenye majani wakati wa mvua. Shimo liwe la ukubwa wa kiriba tu, urudishie udongo ule ule uliotoka, shina likae kwenye usawa ule ule lililokuwa nao. Maji ya mvua uliyokinga ndiyo bora kuliko yote. Ya kuoshea vyombo au kufulia usiyamwage hapo, sabuni itaharibu udongo. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki, baadaye utaona yenyewe inajitegemea.

Kuna jambo moja la nyumbani kwetu ambalo vitabu havilisemi: ufagio. Tunafagia uwanja kila asubuhi mpaka unang'aa, na mtoto aliyeacha jani chini ya mti anaitwa arudi. Kwa protea majani yale makavu ndiyo dari ya vile vishada vya mizizi. Ukifagia unaviacha uchi kwenye jua, na ukipalilia kwa jembe unavikata. Panga mawe duara, upana wa hatua moja kila upande, uwaambie watoto na dada wa kazi kwamba ndani ya mawe hayo hapafagiwi wala hapalimwi. Majani ya miombo yaliyokauka yaweke humo unene wa vidole vitatu, yasiguse shina. Magugu yakiota yakate kwa kisu au yang'oe yangali madogo. Kuku nao wazuie mwaka wa kwanza kwa matawi ya miiba, maana hupenda kupekua hapo hasa.

Mchwa ndio wasiwasi wako, nami naukubali. Mchwa kwa kawaida hufuata mti uliokufa au unaoumwa, na samadi mbichi yenye mabua huwaita. Mche mzima usio na samadi hauwavutii sana. Ukiona udongo wao umepanda kwenye shina, uvunje kwa mkono kila unapouona. Majivu usirudie.

Ua la kwanza litakuja baada ya miaka mitatu, minne, mitano, pengine zaidi. Likishanyauka unaweza kukata kichwa na sehemu ya tawi, ukibakiza majani kwenye kipande kinachobaki. Huo mkato wa kila mwaka unashika nafasi ya moto wa nyikani, na unakifanya kichaka kiwe kifupi na kinene badala ya kurefuka na kulegea. Vichache viache vikomae mbegu, uwagawie majirani na shule uliyofundisha, wakija kukuuliza. Watakuja.

Pale palipokufa kichaka cha kwanza usirudishe protea kwa miaka kadhaa, kwani DAP na samadi bado zimo. Panda hapo Gardenia ternifolia, ambayo pia ni ya kwetu: maua yake meupe hunukia hasa usiku, kesho yake yanageuka njano, na haichukii udongo ulioshiba. Au Senna singueana, inayochanua njano tupu kiangazi wakati miti mingine imepukutisha majani. Mbegu zake hupatikana bila taabu, ziloweke kwenye maji ya moto yaliyoachwa yapoe usiku kucha kabla ya kupanda.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, nipigie picha ya kile kichaka cha pili tena, uelekeze kamera kwenye majani ya nchani kabisa. Kama machipukizi mapya yametoka ya kijani, kimevuka. Kama bado ya njano na kingo zake zimeungua, usihangaike nacho zaidi. Waandikie shemeji zako Buhigwe wakutunzie vichwa vitano au sita vya kahawia kutoka mteremko ule, ili mwezi wa tano uanze na mbegu.